Kwenda kazini kwa baskeli masika na kiangazi: jibu kwa mwalimu wa Bububu

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa kike, nakaa Bububu na nasomesha skuli moja ya mjini. Nimenunua baskeli ya mtumba ya Japani, gurudumu 26, ili niachane na kusubiri gari. Kiangazi nilikwenda vizuri. Masika yalipoingia mambo yakaharibika: breki ya mbele haishiki, ya nyuma inapiga ukelele hadi watu wanageuka, cheni imeshika kutu, na mara mbili baibui limenaswa. Fundi mmoja kaniambia nitie mafuta ya nazi kwenye cheni, mwengine kaniambia niifungie ndani mpaka masika yaishe. Je, hapa kwetu mtu anaweza kwenda kazini kwa baskeli mwaka mzima? Na nifanye nini hasa?

Jibu: Waalaykumu salaam, Mwalimu.

Inawezekana, na njia yako ni katika njia nyepesi za kisiwa hiki cha Unguja. Kutoka Bububu mpaka Malindi ya hapa mjini ni kama kilomita 10, unapita Beit el Ras, Kibweni, Mtoni na Maruhubi, na hakuna mlima wa kukushusha kwenye baskeli. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao mtu mzima anauweza bila ya kutweta, ni dakika 40. Wenzetu wa Pemba wanaopanda na kushuka vilima vya Chake kila siku wangeitamani njia hiyo.

Shauri la kuifungia ndani usilifuate. Mvua yenyewe baskeli inaistahamilia. Kinachoila ni maji yanayobaki baada ya safari: yanaingia kwenye viungo vya cheni, yanakutana na chumvi ya hewa ya pwani na mchanga wa barabarani, na usiku kucha yanafanya kazi yake. Ukiifungia katika hali hiyo, mwezi wa Juni utaitoa cheni imekakamaa kama fimbo. Baskeli inayotembea kila siku na kupanguswa kila siku hudumu zaidi kuliko inayolala.

Tuanze na breki, kwa sababu hili haliwezi kungoja. Mpaka uitengeneze ile ya mbele, siku ya mvua panda gari.

Chukua kipande cha sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, ukiguse kwenye ringi ya mbele. Ikinata, ringi yako ni ya chuma. Isiponata, kwa kawaida ni ya alumini. Tofauti yake siku ya mvua ni kubwa. Alumini ikiroa, mpira wa breki huipangusa na baada ya mizunguko michache ya gurudumu inaanza kushika. Chuma kilichong'arishwa ni laini kama kioo: utando wa maji unakaa baina yake na mpira, na breki iliyokuwa ikikusimamisha kwa mita 3 au 4 wakati wa kiangazi inaweza kukupeleka zaidi ya mita 10. Kwa hiyo mwenye ringi ya chuma lazima aishughulikie breki yake zaidi kuliko mwenye alumini, na kama siku moja gurudumu la mbele litapinda na kuhitaji kubadilishwa, atafute la alumini.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Osha ringi pande zote mbili kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kwa brashi ya kufulia, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ule weusi unaouona ni mchanganyiko wa mpira, mafuta ya barabarani na vumbi, nao peke yake unatosha kuifanya breki iteleze. Halafu fungua mipira ya breki kwa spana namba 10 na uitazame uso wake kwenye mwanga. Ikiwa inang'aa kama soli iliyosuguliwa, imekufa ganzi. Isugue kwenye msasa, au kwenye sakafu ya saruji ukikosa msasa, mpaka ule ung'avu uondoke na mpira uonekane mweusi usio na mng'aro. Punje za mchanga na vijipande vya chuma vilivyojichimbia ndani vitoe kimoja kimoja kwa sindano. Hivyo ndivyo vinavyokwaruza ringi na kutoa ile sauti ya kusaga. Kama mifereji iliyochongwa kwenye mpira imeshafutika, usihangaike kusugua, nunua mipya.

Ukiirudisha, uso wote wa mpira ukae juu ya ringi. Usiguse tairi hata kidogo, kwani mpira unaogusa tairi hulitoboa ubavuni ndani ya siku chache. Chini ya ncha ya nyuma ya mpira weka kipande cha kadi, kama cha boksi la viberiti, kisha kaza nati na uitoe kadi. Ncha ya mbele itatangulia kugusa kwa kiasi cha milimita 1, na breki haitatetemeka. Baina ya mpira na ringi bakisha milimita 2 au 3. Mkono wa breki uanze kushika ukiwa katikati ya safari yake. Ukifika mpaka kwenye usukani, waya umelegea, na kile kifundo cha kuzungusha kwenye mwisho wa waya ndicho cha kuukazia.

Sasa namna ya kuitumia. Kwenye baskeli za Japani mkono wa kulia ni breki ya mbele na wa kushoto ni ya nyuma, lakini hakikisha, maana fundi aliyeitengeneza kabla yako anaweza kuwa amezigeuza. Siku ya mvua usingoje mpaka unapohitaji kusimama. Ukiona kivuko cha watu, kituo cha gari au njia panda, anza kuigusa breki ya mbele kidogo kidogo mita 20 kabla. Gurudumu la 26 linazunguka mara moja kila mita 2 hivi, kwa hiyo katika hizo mita 20 mpira umeshaipangusa ringi mara kumi, na ukibana kwa nguvu inakushikia. Ukiibana ghafla ikiwa imeroa, kwanza haishiki, nawe utazidisha nguvu, kisha maji yakishafutika inashika yote kwa pamoja na gurudumu linateleza. Wengi wanaoanguka siku ya mvua huanguka hivyo.

Breki ya nyuma ni jambo jengine kabisa. Kwenye aina hii ya baskeli haibani ringi, imo ndani ya kile kikombe cha duara kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Iko ya namna mbili tatu, na lazima ujue yako ni ipi kabla ya mtu kuigusa. Ya rahisi, ambayo ndiyo iko kwenye baskeli nyingi za mtumba, ni ya ukanda: mna ukanda wa chuma uliovalishwa mpira mgumu, ukivuta mkono unaikaba ngoma ndogo inayozunguka na gurudumu. Faida yake ni kwamba mvua haiifikii kirahisi kama breki ya ringi. Dosari yake ni huo ukelele. Ngoma inapofanya kutu nyembamba usiku na ukanda unapokuwa umeng'aa kwa uzee, ukibana vinatetemeshana na kulia. Namna nyengine, kwa kawaida nzito zaidi na mara nyingi ina sahani ya kupoza joto na kitundu kidogo kilichozibwa kwa kizibo cha mpira, inafanya kazi kwa vibiringi vinavyosukuma viatu vya chuma. Hiyo inahitaji grisi yake maalumu ya kuhimili joto, inayotiwa kwa kile kitundu.

Kosa linalofanywa sana na watu ni kutia oili kwenye breki ya ukanda ili inyamaze. Inanyamaza kweli, kwa sababu haishiki tena. Mpira wa ukanda ukishanywa mafuta hausafishiki, hutupwa. Kwa hiyo yeyote atakayekuja na kichupa cha oili kwenye breki yako ya nyuma, mzuie mkono. Dawa ni ukanda mpya na kuisugua ngoma kwa msasa laini. Kazi hiyo ni ya fundi, kwa vile gurudumu lazima litolewe.

Nyaya nazo zisisahauliwe. Waya wa breki unapita ndani ya kasha la plastiki, na pale kasha linapoinama ndipo maji yanapotuama. Ukibana breki na mkono ukachelewa kurudi, kutu imeanza. Legeza waya, simamisha ncha ya juu ya kasha, tia matone matatu manne ya mafuta ya cherehani na uyaache yateremke usiku mzima.

Tuje kwenye cheni na hayo mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi ni ya kula na ya nywele. Asubuhi za kipupwe, joto likishuka chini ya nyuzi 24, yanaanza kuganda. Kwenye joto na vumbi yanageuka ulimbo, na mchanga unayashika kama nzi wanavyoshikwa na asali. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari haifai pia, maana imo chembe za chuma zilizosagika humo humo ndani ya injini, kwa hiyo unaipaka cheni kitu kinachoila. Mafuta ya cherehani ni mazuri kwa kiangazi, lakini mvua moja kubwa inayaosha yote. Kwa masika tumia oili mpya na nzito, ile ya giabox namba 90 au ya injini namba 40. Waombe wenye karakana robo lita tu, itakutosha mwaka mzima na zaidi.

Namna ya kuitia ni muhimu kuliko aina yake. Cheni yako ina vipingili 100 na kidogo. Kila kipingili kinahitaji tone moja, nalo liingie kwenye kibiringi cha ndani, pale pini inapopita. Matone yote hayo ukiyakusanya ni kijiko kimoja cha chai. Zungusha pedeli kinyumenyume polepole huku unadondosha kwa bomba la sindano la dukani la dawa, kisha zungusha mara ishirini bila ya kutia kitu ili mafuta yaingie ndani. Ngoja dakika kumi. Baada ya hapo shika kitambaa na uipanguse cheni yote kwa nje mpaka ionekane karibu kavu. Hatua hii ya mwisho watu wengi huiacha, wakidhani cheni inayometameta kwa mafuta ndiyo iliyotunzwa. Mafuta ya nje hayafanyi kazi yoyote isipokuwa kukusanya mchanga, na mchanga wetu wa pwani ni mkali. Ukisikia cheni inasaga kama mtu anayetafuna karanga, mafuta yalikuwa mengi nje na hayakuwamo ndani.

Ama cheni yako iliyoshika kutu, kwanza itazame kama bado ni nzima. Weka rula ya inchi kwenye pini moja na uhesabu vipingili 24. Pini ya mwisho wa kipingili cha 24 iangukie kwenye inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa inchi 1/8, cheni imekwisha, na ukiendelea nayo itakula meno ya gia ya mbele na ya friwili, ile gia ya nyuma, ambavyo ni ghali zaidi kuliko cheni. Ikiwa bado, iondoe, iloweke kwenye mafuta ya taa kwa saa chache, isugue kwa mswaki mkuukuu, ianike mpaka ikauke kabisa, ndipo uitie oili. Ukiirudisha, isikazwe kama uzi wa gambusi. Katikati yake icheze juu na chini sentimita 1 hadi 1.5.

Lile kava la cheni usimruhusu mtu akulitoe. Linazuia mvua, mchanga na baibui kwa pamoja. Ila chini yake huwa na kitundu cha kutolea maji, na kitundu hicho kikizibwa na matope, kava linageuka bakuli na cheni inaoga kila mzunguko. Kizibue kwa njiti kila wiki ya masika.

Sasa kazi ya dakika kumi ya kila jioni ya mvua. Ukifika nyumbani na baskeli imeroa, usiiegemeze kwenye ukuta ukaingia ndani. Imwagie maji safi polepole kutoka juu, kwa kopo, usiipige kwa mpira wenye kasi, kwa sababu kasi inasukuma mchanga ndani ya habu na ndani ya ekseli ya pedeli. Na hapa kuna jambo la kwetu hasa: visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi chumvi. Ukioshea baskeli maji hayo, umeiongezea ulichotaka kuiondolea. Onja maji ya kisima chako. Kama yana ladha ya chumvi, tumia ya bomba, au weka ndoo chini ya bati, kwani masika hayana upungufu wa maji ya mvua. Ndoo nusu inatosha. Kisha inyanyue kidogo gurudumu la mbele na uliachie lidunde chini mara tatu ili maji yaliyojificha yatoke, pangusa ringi, cheni, spoki na nati, na uiweke penye hewa. Oili ya cheni tia mara moja kwa wiki masika, na kila baada ya wiki tatu kiangazi. Nati, skurubu na vichwa vya spoki vipake grisi nyembamba kwa kidole mara moja kwa mwezi. Ukipita Mizingani wakati wa bamvua, maji ya bahari yakiwa makubwa, na kaskazi inavuma, na mawimbi yakakurushia matone, siku hiyo ioshe hata kama hakukunyesha.

Mara moja kwa mwaka, masika yakiisha, mpelekee fundi aifungue habu ya mbele na ekseli ya pedeli, azioshe na atie grisi mpya. Mwambie atumie grisi ya mashine za boti, inayohimili maji. Maduka ya vifaa vya wavuvi wanayo. Zikiwa ni gololi huru, za habu ya mbele huwa 10 kila upande, na za ekseli ya pedeli 11 kila upande. Zihesabu akizitoa na azihesabu akizirudisha. Moja ikipotea, zilizobaki zinaanza kugongana na kikombe kinachimbika. Iliyochubuka hata moja, badilisha zote za upande huo. Ikiwa baskeli yako ina gia tatu ndani ya habu ya nyuma, hiyo isifunguliwe na fundi asiyeijua.

Kuhusu baibui. Upande wa kulia kuna cheni, na kava linakukinga. Linalonasa mara nyingi ni gurudumu la nyuma, pindo likipeperushwa na upepo wa pembeni likaingia kwenye spoki. Baskeli za Japani nyingi huja na kinga ya plastiki au wavu unaofunika nusu ya juu ya gurudumu hilo. Yako ama haikuja nayo ama imevunjika. Tengeneza mwenyewe: kata wavu mgumu wa plastiki wa kuzuia mbu dirishani kwa umbo la nusu mwezi, ufunge kwa waya mwembamba kwenye kitigadi na kwenye vyuma vya keria, kila sentimita 5, pande zote mbili. Ndani vaa suruali, na baibui likunje mpaka chini ya goti ulibane kwa lastiki pana, mbili, moja kila mguu. Ushungi ufunge karibu na uso kwa pini, mikia yake iingie ndani, na kabla ya kuondoka geuza shingo kulia ujaribu kuangalia nyuma. Ukiona kitambaa badala ya barabara, funga upya.

Mvua ya kwetu si ya baridi, na hilo linabadilisha hesabu ya nguo. Koti la plastiki lililofungwa mpaka shingoni, kwenye joto la nyuzi 26, linakurowesha kwa jasho sawasawa na mvua yenyewe. Kwa safari ya dakika 40 ni bora kuvaa nguo nyepesi ya njiani, ukubali iroe, na nguo za kusomeshea uzichukue kavu. Zikunje ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, mfuko huo ndani ya mwengine, kisha ndani ya begi. Daftari za wanafunzi ziwe na mfuko wao peke yao. Kikapu cha mbele ndicho kinachoroa kwanza, kwa hiyo vitu hivyo vikae kwenye keria ya nyuma. Skuli acha taulo, kandambili na sabuni. Mwavuli juu ya baskeli usijaribu kabisa. Unabaki na mkono mmoja wa breki, na upepo wa kusi ukiingia chini yake unakuvuta upande wa gari.

Kuna siku za kutokwenda, na hazihitaji majadiliano. Radi ikipiga karibu, ingia penye jengo, si chini ya mnazi wala mwembe, ungoje. Mvua ikiwa nzito kiasi cha kutokuona gari iliyo mita 50 mbele, dereva naye hakuoni wewe. Na maji yakiwa yamefunika barabara yakafika kwenye ekseli ya gurudumu, shuka urudi: chini yake hujui kama kuna shimo, mtaro ulio wazi au chemba iliyofunguka kifuniko, na maji yanaingia ndani ya habu na kuiondoa grisi yote. Kwenye mabonde ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, maji ya namna hiyo huchanganyika na ya makaro. Ukilazimika kuyakanyaga, osha miguu kwa sabuni ukifika, na ukiwa na kidonda mguuni usiyakanyage. Siku kama hizo, hasa mwezi wa Aprili ambao ndio kilele cha masika, ni chache kuliko tunavyodhani tukiwa kitandani tunasikiliza bati.

Jihadhari zaidi na mvua ya kwanza baada ya kiangazi, hata ikiwa manyunyu. Mafuta ya magari ya miezi mizima yanaelea juu ya lami, na kwa dakika kumi na tano au ishirini za mwanzo barabara ni utelezi mtupu. Mistari ya rangi, vifuniko vya chuma na mawe ya vichochoro vya Mji Mkongwe yaliyosuguliwa na miguu ya watu hubaki na utelezi hata baadaye. Pita juu yake ukiwa wima, bila kukata kona na bila kubana breki. Njiani kaa kama mita moja kutoka ukingoni, si kwenye ukingo wenyewe ambako mchanga na vioo hujikusanya. Nyuma ya gari za 502, daladala za njia yako ya Bububu, acha nafasi ya gari mbili, kwa sababu zile ambazo abiria hushukia nyuma humwaga watu mbele ya gurudumu lako bila ya taarifa.

Upepo nao una majira yake. Njia yako inaelekea kusini asubuhi na kaskazini jioni. Disemba mpaka Machi kaskazi inakusukuma ukienda na kukupinga ukirudi, nayo mchana huwa na nguvu zaidi kuliko alfajiri. Kusi, Juni mpaka Septemba, ni kinyume chake: unapingwa asubuhi. Upepo wa kukupinga unaweza kuigeuza dakika 40 ikawa saa nzima. Usishindane nao kwa miguu. Teremsha gia kama unazo, inama kidogo, na uondoke dakika 15 mapema. Kiti kiwe juu kiasi kwamba kisigino kikiwa juu ya pedeli ya chini, goti linakaribia kunyooka. Wengi hukaa chini mno, wakalaumu upepo kwa maumivu ya magoti.

Kwa joto la Januari hadi Machi, ambalo mchana hufika nyuzi 32 au 33, kunywa maji kabla ya kutoka na uchukue chupa ya nusu lita njiani. Ramadhani miaka hii inaangukia humo humo. Asubuhi ukishakula daku nenda kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, huhitaji kutoka jasho. Kurudi saa 8 mchana hali umefunga ni jambo jengine: kichwa kikianza kuwanga au ukahisi baridi juani, teremka ukae kivulini. Si vibaya kuiacha baskeli skuli wiki ya mwisho ukapanda gari.

Taa: Julai jua linachomoza kama saa 12:35, kwa hiyo ukitoka saa 12:20 unahitaji taa asubuhi, jambo ambalo watu hawalifikirii. Jioni jua linatua baina ya saa 12:10 na 12:50 kwa mwaka mzima, na kiza kinaingia ndani ya dakika 20. Dinamo inayosuguana na tairi huteleza ikiroa, taa ikazima hasa wakati wa mvua. Ongeza taa ya betri mbele na nyekundu nyuma.

Mwisho tairi. Ubavuni mwake pameandikwa kiasi cha upepo, mara nyingi kPa 300, yaani kama paundi 45. Tairi laini hukatwa na ncha za ringi kwenye shimo, na kioo kilichoroa hukata mpira kirahisi kuliko kikavu. Valvu ya baskeli yako ina kijimpira kidogo kilichovishwa kwenye msumari wake. Kijimpira hicho hulainika na kupasuka kwa joto, na upepo ukawa unapungua usiku bila ya pancha. Paka mate kwenye mdomo wa valvu, na povu likionekana, hicho ndicho kilichokwisha. Weka vipya vitatu ndani ya mkoba wa baskeli pamoja na viraka, gundi, spana na pampu.

Jumamosi fanya breki ya mbele mwenyewe, kisha ya nyuma mpelekee fundi. Mwombe akupe ukanda wa zamani mkononi. Ukiwa kavu na unang'aa, huo ndio uliokuwa unalia. Ukiwa na mafuta, mtu amekwisha kuutia oili kabla hujainunua, na ngoma nayo lazima isafishwe kwa petroli kabla ya ukanda mpya kuvalishwa.